Gauni Lililotoka Kwenye Mfuko wa Unga

Hadi katikati ya karne ya 19, unga wa ngano nchini Marekani ulisafiri ndani ya mapipa ya mbao. Kila mji wenye kinu ulikuwa na mafundi wake wa mapipa, na mapipa yasipopatikana, unga haukufika sokoni. Lakini pipa lilikuwa na taabu zake. Lilikuwa zito hata likiwa tupu, lilikula nafasi melini na garini, na ubao mmoja ukiachia, unga uliingia unyevu au ukamwagika. Mifuko ya kitambaa ilikuwepo, ila mshono wa mkono haukuaminika kubeba uzito mkubwa.

Tarehe 10 Septemba 1846 Elias Howe wa Massachusetts alipata hataza ya cherehani yake, iliyofungamanisha nyuzi mbili katika mshono mmoja imara. Baada ya miaka michache cherehani zikaingia viwandani, na mfuko ulioshonwa kwa mashine ukaweza kubeba unga, sukari, mbegu na chakula cha mifugo bila kufumuka. Mwaka 1858 Judson Moss Bemis alifungua kiwanda cha mifuko mjini St. Louis, kando ya Mto Mississippi, karibu na vinu vya ngano. Pipa likaanza kupoteza soko lake.

Kitambaa cha mifuko hiyo kilikuwa na ndugu yake huku kwetu pwani. Tangu miaka ya 1820 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Zanzibar. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitiliana saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters akawasili kuwa konseli wa kwanza wa Marekani visiwani. Meli hizo ziliondoka na pembe za ndovu na sandarusi, na zilileta merikani, kitambaa kizito cha pamba isiyopaushwa, ambacho wapagazi walikibeba begani mpaka Unyanyembe na Ujiji. Pamba yake ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ya kusini ilikatika. Merikani ikaadimika Zanzibar, na nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Huko Marekani, wenye vinu wa kaskazini walilazimika kujaribu mifuko ya karatasi. Vita vilipokwisha mwaka 1865 pamba ilirudi, na katika miaka iliyofuata mfuko wa kitambaa ukaenea vijijini kote. Ndipo wanawake walipoanza kuutazama kwa jicho lingine. Unga ukishakwisha, mfuko ulibaki, na mfuko ule ulikuwa pamba nzima.

Kazi ya kufuta jina

Mwanamke wa shambani hakutupa hata uzi wa mfuko. Mdomo na ubavu wa mfuko vilishonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao una tabia yake. Ukiuanzia mwisho usio wake, unakaza na kukataa. Ukipata mwisho sahihi na kuvuta uzi mmoja, mshono mzima unafumuka mara moja, bila mkasi. Uzi huo ulizungushwa kwenye kibonge na kuwekwa akiba ya kushonea viraka au kufuma vitambaa vya mezani. Mfuko wenyewe ukawa kipande cha kitambaa kilicho bapa. Ule wa pauni 100, yaani karibu kilo 45, ulitoa kipande chenye upana wa takriban sentimita 90 na urefu wa zaidi kidogo ya mita moja.

Taabu ilikuwa chapa. Kila kinu kilipiga jina, picha na uzito wa unga katikati ya mfuko kwa wino mkali, maana kwake mfuko ulikuwa tangazo. Kuutoa wino huo kulichukua muda na nguvu. Wengine waliipaka chapa mafuta ya nguruwe na kuyaacha usiku kucha, wengine waliulowesha mfuko katika mafuta ya taa. Asubuhi ulisuguliwa kwa sabuni kali ya kupika nyumbani, ukachemshwa katika chungu cha chuma, ukasuguliwa tena, kisha ukaanikwa juani ili ufifie na kuwa mweupe. Aliyetaka rangi alichemsha maganda ya jozi za msituni au alinunua rangi ya dukani.

Kitambaa kikiwa safi kilipangiwa kazi kulingana na ubora wake. Kile laini cha mfuko wa unga au sukari kilishonwa nepi, nguo za ndani, foronya na vigauni vya watoto. Kile kigumu cha mfuko wa chakula cha mifugo au mbolea kilifaa kwa suruali na mashati ya kazi. Gauni la mtu mzima lilihitaji mifuko mikubwa mitatu. Likichakaa, liligeuzwa aproni. Aproni ikichakaa, sehemu zake nzima zilikatwa viraka vya mfarishi, na mabaki yakawa matambara ya kupangusia sakafu. Mfuko mmoja ungeweza kutumikia nyumba kwa miaka mingi namna hiyo.

Hata hivyo chapa haikutoka sawasawa kila mara. Mtoto aliweza kwenda shule akiwa na kivuli cha herufi mgongoni, na wenzake wakamjua kuwa ni wa nyumba isiyo na uwezo wa kununua kitambaa. Kwa wakulima wa nusu kwa nusu wa kusini, weusi na weupe, waliokuwa wakigawana mavuno na mwenye shamba na mara nyingi wakimaliza msimu wakiwa na deni lake, nguo ya mfuko ilikuwa ya lazima. Waliivaa kwa sababu hapakuwa na nyingine. Aibu hiyo ni sehemu ya historia hii na haifai kufunikwa, kwa kuwa ndiyo iliyowasukuma wanawake kuendelea kutafuta njia ya kulifuta jina la kinu.

Mifuko ya Ubelgiji

Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Nchi hiyo ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na sasa ilikuwa imebanwa kati ya jeshi lililoikalia na manowari za Uingereza zilizofunga njia za bahari. Oktoba mwaka huohuo Herbert Hoover, mhandisi wa migodi Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliongoza uundaji wa Tume ya Msaada kwa Ubelgiji. Unga ukaanza kumiminika kutoka Marekani na Kanada, ndani ya mifuko ya pamba yenye nembo za vinu na majina ya miji iliyoutoa.

Tume iliihesabu mifuko hiyo kwa makini, kwa hofu kwamba Wajerumani wangeichukua pamba yake na kuitengenezea baruti. Mitupu ilikusanywa na kugawiwa kwa shule, nyumba za watawa na karakana za ushonaji, ambako wanawake na wasichana waliokosa kazi, baadhi yao mafundi wa lesi, waliishona ikawa mashati, magauni na nguo za watoto. Mingine hawakuifuta chapa. Waliitarizi juu ya nembo zilezile za vinu, wakijaza herufi kwa nyuzi za rangi na kuongeza maua, bendera na maneno ya shukrani. Mifuko hiyo iliuzwa ndani na nje ya Ubelgiji, fedha zikaingia katika msaada, na mingine ikarudishwa Marekani kama zawadi. Mkusanyiko mkubwa wake umehifadhiwa katika maktaba ya Hoover mjini West Branch, Iowa.

Katika karakana zile mfuko mtupu ulitambuliwa hadharani, na kwa kiwango kikubwa, kuwa mali yenye thamani yake. Tume ya kimataifa iliuhesabu, iliulinda na kulipa watu ujira wa kuushona. Jambo walilolijua wanawake wa Kansas na Alabama jikoni mwao likawa limeingia kwenye daftari la hesabu.

Wenye vinu wanasikiliza

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya pamba ilianguka vibaya. Pauni moja iliyouzwa kwa wastani wa senti 35 katika msimu wa 1919 haikufikia hata senti 6 katika msimu wa 1931. Wakulima wa pamba walizama katika madeni, na viwanda vya mifuko vikawa vinatafuta kwa udi na uvumba njia ya kuuza kitambaa zaidi. Wakati huohuo karatasi, ambayo ilikuwa rahisi kuliko pamba, ilikuwa ikiwanyang'anya wateja.

Jibu lilitoka kwa wanunuzi wenyewe. Wauza unga waligundua kwamba mwanamke akiwa mbele ya aina mbili za unga zenye bei moja, huchagua ile yenye mfuko atakaoweza kuushona. Mwaka 1924 Asa Bales aliombea hataza wazo la kufungasha unga katika kitambaa chenye nakshi ya nguo, ambacho chapa yake ingeondolewa na kuacha kitambaa kizima. Haki ya wazo hilo ilikwenda kwa kampuni ya George P. Plant ya St. Louis, na mwaka uliofuata unga wake wa Gingham Girl ukawa madukani ndani ya mifuko ya kitambaa cha mirabamiraba. Kitambaa cha aina hiyo mtu angekinunua kwa yadi dukani. Sasa kilimfikia pamoja na unga.

Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1929 ulilifanya wazo hilo kuwa kimbilio la mamilioni. Rais wa Marekani wakati huo alikuwa Herbert Hoover yuleyule aliyekuwa akipeleka unga Ubelgiji, na safari hii waliovaa mifuko walikuwa raia wake mwenyewe. Katika miaka ya 1930 kampuni za mifuko, zikiwemo Bemis na Percy Kent, zilishindana kwa nakshi. Ziliajiri wachoraji wa vitambaa, zikatoa maua, vidoti, milia, wanyama wa kuwafurahisha watoto na picha zilizofuata mitindo ya mijini. Zilitumia wino unaotoka kwa maji na sabuni, kisha zikahamishia chapa kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi nyepesi, ikitoka mfuko ukiloweshwa. Ile kazi ya usiku kucha ya mafuta ya nguruwe na mafuta ya taa ikaisha.

Chama cha watengenezaji wa mifuko ya kitambaa kilisambaza vijitabu vyenye ramani za kukatia nguo, vikionyesha mifuko mingapi ya ukubwa gani inatosha gauni, pajama, aproni au pazia. Maofisa wa kike wa ugani, waliotandazwa vijijini baada ya Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914, waliwafundisha wanawake ushonaji huo katika vikundi, kama walivyofanya mabibi maendeleo wa kwetu miaka ya baadaye. Makosa ya zamani yakapata dawa. Mistari ya nakshi ililinganishwa kwenye mshono, kola ikawekewa kitambaa cha ndani, vifungo vya nguo kuukuu vikahamishiwa kwenye mpya.

Biashara ya chakula cha mifugo nayo ikabadilika sura. Wanawake wengi wa shambani ndio waliofuga kuku, na fedha za mayai zilikuwa zao. Mume aliyetumwa kununua chakula cha kuku alikabidhiwa kipande cha kitambaa na agizo la kurudi na mifuko inayofanana nacho, maana gauni lilihitaji mitatu ya nakshi moja. Mara nyingi mfuko uliotakiwa ulikuwa chini kabisa ya rundo, na muuzaji alilazimika kuihamisha yote iliyo juu. Aliyekosa mfuko wa tatu alibadilishana na jirani. Aliyekuwa na ziada aliuza. Wauzaji waliokuwa wakizungumzia protini na bei ya mahindi wakajikuta wakijifunza rangi na maua.

Vita na umaarufu

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, pamba nyingi ilielekezwa jeshini. Aprili 1942 serikali ilitoa amri iliyobana kiasi cha kitambaa kinachoruhusiwa katika nguo za wanawake: urefu wa gauni, upana wa sketi, mikunjo na mapambo. Mifuko ya unga na chakula cha mifugo haikuguswa na amri hiyo, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya viwanda. Mama mwenye kuku akawa na kitambaa ambacho mwenzake wa mjini hakukipata dukani. Inakadiriwa kwamba mwaka 1942 wanawake na watoto wapatao milioni 3 nchini humo walikuwa na nguo za mifuko yenye nakshi, nao walitoka katika nyumba za vipato vyote.

Aibu ya zamani ilikuwa imepungua sana. Gauni la mfuko lililokatwa vizuri halikutofautiana kwa mbali na la dukani. Dalili pekee ilikuwa mstari wa vitundu vidogo ukingoni mwa kitambaa, pale ambapo sindano nene ya kiwandani ilipita kuufunga mfuko. Vitundu hivyo havikuzibika hata baada ya kufuliwa mara nyingi, na wakusanyaji wa nguo hizo leo huvitafuta kwanza ili kujua kama kitambaa kilitoka kwenye mfuko au kwenye jora. Mshonaji hodari alivificha ndani ya upindo.

Vita vilipokwisha, Baraza la Taifa la Pamba lenye makao yake Memphis, Tennessee, liliungana na watengenezaji wa mifuko kuendesha mashindano ya ushonaji, yaliyoanzia kwenye maonyesho ya kilimo majimboni. Gauni moja la mashindano hayo, lililoshonwa mwaka 1959 na mama mmoja wa Caldwell, Kansas, limo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kinachoonekana ni ufundi. Wanawake wa shambani walikuwa wamevaa nguo za namna ile kwa miongo mingi bila makumbusho yoyote kuwauliza.

Lakini mwaka 1959 mwisho ulikuwa umeshakaribia. Mfuko wa karatasi ulikuwa rahisi zaidi kuutengeneza, na plastiki ilikuwa njiani. Familia zilihamia mijini, zikanunua mkate uliookwa badala ya unga wa kilo nyingi. Nguo za kiwandani zilishuka bei. Mashamba makubwa ya kuku yakapelekewa chakula kwa malori, kikamwagwa moja kwa moja kwenye ghala bila mfuko. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mfuko wa nakshi ulikuwa umetoweka madukani.

Tunachokirithi

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ubahili wa wakati wa dhiki. Naiona kwa namna nyingine. Wanawake maskini ndio waliofanya utafiti wote. Waligundua mshono unaofumuka, kitambaa kinachofaa kwa kila nguo, dawa ya kuondoa wino na hesabu ya mifuko mitatu kwa gauni moja. Wenye viwanda walikuja baadaye, wakachukua maarifa hayo na kuyapigia chapa. Faida kubwa ya kifedha ilibaki kwao, na majina ya walioanza hayakuandikwa popote. Hata hivyo wenye viwanda wale walifanya jambo moja ambalo wenzao wa leo wengi hawalifanyi: waliutengeneza mfuko wakijua kuwa una maisha ya pili, wakachagua kitambaa, wino na gundi kwa ajili ya yule atakayeushika baada ya unga kwisha.

Huku kwetu unga, sukari, mchele na mbolea vinakuja katika mifuko ya salfeti. Mafundi wa masokoni wanaishona ikawa vikapu na mabegi, kwa jitihada zao wenyewe. Lakini salfeti haivaliki. Inachanika nyuzinyuzi juani, chapa yake haitoki, na ikitupwa inabaki kwenye mitaro miaka na miaka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Marufuku hizo zilihitajika. Ila hazikugusa mifuko mikubwa ya kufungashia, na wala hazikumuuliza mfungashaji atatoa nini badala yake.

Pamba inalimwa Mwanza, Simiyu na Shinyanga, na nyingi yake inasafirishwa nje ikiwa ghafi. Vinu vya unga vipo katika kila mkoa. Mafundi cherehani wamejaa barazani kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Enyi wenye vinu, jaribuni, japo kwa unga wa bei ya juu kidogo, mfuko wa pamba wenye nakshi nzuri na chapa inayotoka kwa maji. Na kabla ya kuuchora, nendeni mkawaulize mafundi na akina mama watakaoushona.